Fulana siafiki, shoga yangu

Tanga, 2 Mei

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Huku wote wazima, mvua tu ndiyo haijaamua kwenda. Wifi anakusalimu, na yule mzee wa kahawa bado anauliza utarudi lini.

Ujumbe wako wa hitima ya mwanetu nimeupata. Kisomo na pilau havina mjadala. Fulana mia zenye picha yake ndizo nazikataa. Mwezi hautaisha zitakuwa zinadekia vibaraza vya watu, na mwenyewe angecheka mpaka akae chini.

Kwa fedha hiyohiyo, asubuhi ya hitima watu watoe damu. Mwanetu kaishi na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, miaka kumi na minne, na mara ngapi kanyanyuliwa na damu ya mtu asiyemjua? Unamkumbuka anavyonyoosha mkono wa kushoto kabla hajaambiwa: "Mshipa ule wa pembeni, dada. Leta kanula ya bluu, ya pinki itaupasua." Kanula ndiyo ile sindano ya kuachwa mshipani. Machozi yanamtoka, sauti haitetemeki. Na alikuwa sahihi, ya pinki ni nene zaidi.

Sasa sikiliza. Waandikie watu wa Damu Salama, wale wa serikali wanaokusanya damu, mwezi mzima kabla, utaje mahali, saa na idadi ya watu. Usiwaombe karibu na tarehe 14 Juni, siku ya wachangia damu duniani, wala 19, siku ya selimundu. Siku hizo wanagombaniwa kama bibi harusi. Wao watakuja na mifuko na vifaa vyao. Sisi tutafute kivuli, viti, meza na chumba kimoja chenye mlango. Mtu anaulizwa mambo ya ndani pale, na jirani akiwa anasikia atadanganya.

Mwenye kutoa awe na miaka 18 hadi 65, kilo zisipungue 50. Watapima wingi wa damu kwanza, na wanawake wengi watarudishwa hapo. Waambie mapema wasione aibu.

Kinachoharibu shughuli za namna hii ni njaa. Mtu anajua kuna pilau, basi haji na kitu tumboni. Akitoka kitandani, chini puu, na aliyefuata kwenye foleni anakumbuka ghafla ana safari. Kwa hiyo chai ya sukari, mkate na maji mengi viwe tayari kabla. Pilau lingoje, maana mafuta mengi huifanya damu iwe na utusitusi kama maziwa na kuvuruga vipimo. Mfuko ni mililita 450, dakika kumi hivi umejaa. Sindano ikitoka, abane pamba mkono ukiwa umenyooka. Akikunja kiwiko patavimba na kuwa peusi, kesho mtaa mzima utaambiwa wamemwonea. Akae robo saa, anywe kitu, ndipo aende.

Lakini hapa ndipo ninapokwama, shoga. Damu si mchele wa kuweka ghalani. Ikishapimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende, chembe nyekundu hukaa kwenye friji siku 35 hivi, basi. Watu mia siku moja, halafu kimya mwaka mzima? Afadhali ishirini ishirini kila miezi mitatu. Wanaume wanaruhusiwa kurudia baada ya miezi mitatu, wanawake minne, kwa hiyo tuwagawe zamu. Na anayeongezewa damu mara nyingi, mwili wake huanza kuikataa damu ya baadhi ya watu. Ndiyo maana siku zile za mwisho maabara walikaa wanalinganisha chupa moja baada ya nyingine. Wachangiaji wakiwa wengi, inayokubali hupatikana upesi.

Jingine, la wadogo zake. Wanaosema "kila wanne mmoja, na huyo mmoja keshapita" wanyamazishe. Wazazi wote wawili wakiwa na kinasaba kimoja kimoja cha selimundu, kila mimba inaanza hesabu upya: robo ya uwezekano wa kuugua. Na kile kipimo cha haraka cha zamani hakitenganishi mwenye kubeba kinasaba tu na mgonjwa. Waombe kipimo kinachoonyesha aina za hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu.

Daftari lake usiligawe. Yale aliyoandika, tarehe, mahali panapouma, ngapi juu ya kumi, maji aliyokunywa, hata "upepo wa kusi, nilisahau sweta," mama mwenye mtoto kama yeye angejifunza mengi humo. Nitolee kopi.

Haya, unijibu: tarehe ya hitima mmeshapanga? Baba yake analionaje hili la damu? Wadogo zake walipimwa kwa kipimo gani, na majibu umeyaona kwa macho yako au uliambiwa tu? Fulana hukulipia, sivyo? Na ile chupa yake ya kijani, ya lita, aliyokuwa anaimaliza mara tatu kwa siku, bado ipo juu ya kabati?

Wako,
shoga yako