YAH: Bando langu limeisha intaneti ikiwa imezimwa, na nyie mkaniambia simu yangu ndo mbovu

Kwa Meneja,
Kampuni ya simu (jina silitaji, mnajijua),
Dodoma.

Mbukwenyi meneja, poleni na kazi.

Mimi ni mteja wenu wa hapa Nkuhungu, nina kasteshenari, napiga fotokopi, naprinti, nawajazia vijana maombi ya ajira na ya mkopo wa chuo, yaani riziki yangu yote inapita kwenye bando lenu. Nalalamikia zile siku za kuanzia 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima hadi 3 Novemba ndo ikaanza kurudi. Nilikuwa nimetoka kuweka bando, GB zimejaa, sijazigusa, muda ukaisha zikayeyuka zote, halafu mkapata na ujasiri wa kunitumia meseji eti ndugu mteja bando lako limekwisha, nunua tena ufurahie kasi. Kasi ipi jamani?

Hela inauma ila uongo umeniuma zaidi. Nimepiga huduma kwa wateja naambiwa zima data uwashe, mara toa laini uifute uirudishe, mara kuna hitilafu mafundi wanashughulikia, na mimi kama mjinga nachomoa laini kwa pini huku kuanzia Majengo mpaka Mtumba hakuna mwenye mtandao. Hitilafu gani hiyo inayopiga kampuni zote siku moja, tena siku ya kura? Mdogo wangu anaishi Dar, kule walishatangaziwa amri ya kutotoka nje usiku, simu ya kawaida mara inashika mara inakata, WhatsApp ndo hivyo tena, basi tukabaki na habari za bodaboda, huyu anasema hivi yule anaapa vile, na kama lengo la kuzima lilikuwa kuzuia uvumi basi huku kwetu uvumi ulipata uwanja wa peke yake maana hakuna pa kuhakiki.

Najua mtasema mnafuata maagizo, leseni yenu ipo mikononi mwa serikali, mkigoma mnafungiwa. Sawa nimeelewa, sijawaambia mpigane na dola. Lakini kuagizwa kuzima ni jambo moja na kumdanganya mteja ni jambo lingine, hilo la pili sidhani kama kuna aliyewaagiza. Zimbabwe Januari 2019 serikali yao ilizima intaneti wakati wa maandamano ya bei ya mafuta, kampuni ya Econet ikawaambia wateja wake wazi kwamba tumepewa amri na sheria inatulazimisha. Watu wakajua wa kumshika ni nani, wakaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ya Harare ikasema waziri aliyetoa ile amri hakuwa na mamlaka hayo. Sasa sisi tukimbilie mahakamani na nini, na lile jibu la zima uwashe?

Na msidhani naomba fadhila. Katiba yetu ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, haki ya kutafuta na kupokea habari bila kujali mipaka ya nchi, mawasiliano yake yasiingiliwe, na hata haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu mambo muhimu kwa jamii. Wakati wote, ndugu meneja, na siku ya uchaguzi imo.

Halafu hii habari ya X (Twitter ya zamani). Ilifungwa Mei 2025, baada ya akaunti ya polisi kudukuliwa, na kwenu hamjawahi kutoa hata tangazo la mstari mmoja, mtu anafungua inazunguka tu anadhani bando limeisha ananunua lingine. Nilipokuja dukani kwenu mjini, kijana wenu (simtaji, mtoto wa watu ana adabu) akaniinamia akaninong'oneza, mama weka VPN, ile programu ya kupenya mitandao iliyofungwa. Kwa hiyo mlangoni mmefunga na dirishani mnatuonyesha pa kupita, wakati Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, walishatutaka wenye kutumia VPN tujiandikishe. Yakinikuta mtakuja kunitetea? Na kwanza hizo VPN za bure zinakula bando na zimejaza simu matangazo ya kamari, na intaneti ikizimwa yote kama Oktoba hazisaidii kitu.

Ninachotaka ni hiki, GB zangu mzirudishe, na za kila aliyekuwa na bando hai siku zile, msisubiri mpaka mtu aandike barua maana mitambo yenu inajua nani alikuwa na nini. Na siku nyingine mkipewa amri tuandikieni meseji mseme ni amri, basi, meseji za promosheni mbona mnazituma hadi saa nane usiku.

Mkinyamaza, utaratibu unasema nipeleke malalamiko TCRA, na hapo hata mimi nacheka mwenyewe, ila nitaenda.

Namba yangu siandiki hapa. Mnayo, niliisajili kwa alama za vidole.

Mama Steshenari,
Nkuhungu.