Ukurasa wa mashairi usisahau jembe na tanga

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliyeandika katika safu hii kwamba mashairi ya kale ya kigeni ni pambo la wasomi, na kwamba mtoto wa Lamu angefaidika zaidi kwa kufundishwa kulima na kuvua, amesema kweli nusu. Kuhusu kulima na kuvua tunaafikiana. Ila sijui ni mashairi gani aliyoyasoma, maana washairi wa Kilatini ninaowajua mimi, japo kwa tafsiri tu, wameshughulikia mbegu, mvua, kesi na chakula cha jioni kuliko waandishi wengi wa siku hizi.

Nianze na Virgil, aliyezaliwa mwaka wa 70 kabla ya Kristo karibu na Mantua, kaskazini mwa Italia. Utungo wake uitwao Georgica, alioukamilisha mwaka wa 29 kabla ya Kristo, una vitabu vinne: nafaka na dalili za hali ya hewa, kisha miti na mizabibu, kisha mifugo, na mwisho nyuki. Husimuliwa kwamba kazi hiyo ilimchukua miaka saba, na kwa kuwa mistari yake ni 2,188, ina maana kwamba kwa wastani hakufikisha hata mstari mmoja kwa siku. Watungaji wetu wanaoleta shairi asubuhi na kulalamika lisipotoka kesho yake wangelizingatia hilo.

Virgil anamwambia mkulima apande ngano pale alipovuna kunde na jamii zake, na ardhi iliyochoshwa na kitani airudishie nguvu kwa samadi na majivu. Mkulima wa Mpeketoni hangoji kuambiwa hayo na Mrumi. Kilichonivuta zaidi ni maneno yake juu ya mbegu. Anasema ameona mbegu zilizochaguliwa kwa muda mrefu na kukaguliwa kwa taabu nyingi zikidhoofika, kwa sababu tu mtu hakuendelea kuzitoa zile kubwa kwa mkono wake mwaka baada ya mwaka. Na anamfananisha mkulima huyo na mtu anayepiga kasia kukabili mkondo, ambaye akilegeza mikono kidogo tu, maji humrudisha alikotoka kwa kasi. Yeyote aliyewahi kupiga kasia katika mlango wa bahari wa Mkanda, maji yakija dhidi yake, hahitaji mwalimu wa kumfafanulia. Nimewaona akina mama wa bara wakichambua mahindi ya mbegu yaliyokaa uchagani juu ya moshi wa jiko, wakiachia ya kusaga yale yenye punje chache au zilizotobolewa na wadudu, na sikuona tofauti kati ya mikono yao na mistari hiyo.

Kuhusu nyuki ni vivyo hivyo. Mzinga uwekwe mahali pasipopigwa na upepo, karibu na maji, na ndani ya maji hayo yatupwe mawe na matawi ili nyuki wapate pa kutua na kuanika mabawa yao. Mijusi na ndege walao nyuki wafukuzwe. Tena anakataza kuchoma kaa motoni karibu na mizinga, agizo ambalo kwetu sisi wa pwani lingezua mabishano jikoni. Lakini Virgil huyohuyo anaeleza kwamba nyuki wakitoweka wote, mtu anaweza kupata kundi jipya kutoka katika mzoga wa ndama aliyepigwa mpaka akafa. Hiyo ilikuwa imani ya zama zake na si kweli hata kidogo. Nalitaja kwa kuwa wapo wanaoipokea hekima ya kale kama dawa ya kumezwa bila kuuliza, hali kila agizo la namna hii linafaa lipitie kwanza kwa mtu mwenye mizinga yake.

Katika kitabu hichohicho cha nne mna mzee mmoja, mkazi wa karibu na Tarentum, kusini mwa Italia, ambaye huwa simsahau. Alikuwa na kipande cha ardhi iliyoachwa na watu, isiyofaa kwa ng'ombe wa kulima, wala kwa mifugo, wala kwa mizabibu. Akapanda mboga mojamoja kati ya miiba, akazizungushia mayungiyungi, na usiku akirudi nyumbani alijaza meza yake vyakula asivyovinunua. Virgil anasema kwamba mzee huyo moyoni mwake alijiona sawa na wafalme. Sisi wa mjini nyanya zetu huvuka kwa boti kutoka Mokowe, bei ikipanda tunanung'unika, na wakati huohuo samadi ya punda tunairuka vichochoroni kila asubuhi. Sidai kwamba kila ua wa Mkomani au Langoni unaweza kuwa bustani, kwani nyumba zetu zimebanana na maji ya visima yana chumvi. Nasema tu kwamba mzee yule naye hakupewa ardhi nzuri.

Horace naye, aliyeishi kuanzia mwaka wa 65 hadi wa 8 kabla ya Kristo, alikuwa mtoto wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa akaachwa huru. Baba huyo alimpeleka Roma kusoma, akawa anafuatana naye mwenyewe kwa walimu, na adabu alimfundisha kwa kumwonyesha watu: mwangalie mtoto wa fulani anavyoishi vibaya, mwangalie fulani alivyofukarika, usije ukautapanya urithi wa baba yako. Ni malezi yaleyale ya barazani, pamoja na ila yake, kwamba anayetolewa mfano huwa ndiye wa mwisho kujua.

Lakini shairi lake linalotuhusu zaidi watu wa kisiwani ni lile alilomwandikia Licinius. Anamwambia asishikilie kila mara kwenda kilindini, wala kwa kuogopa dhoruba asiikumbatie mno pwani yenye hatari, na anamaliza kwa kumtaka ayapunguze matanga yaliyofura pepo zinapomwendea vizuri kupita kiasi. Upepo mbaya kila mtu huuogopa bila kuonywa. Horace anaonya juu ya ule mzuri, na nahodha yeyote wa Shela au Matondoni anajua kwa nini: kusi ikishika nguvu, tanga kubwa hutuliwa likatwekwa dogo, hata kama abiria wana haraka na chombo kinakwenda kwa raha. Nchi kavu hatufanyi hivyo. Msimu wa wageni ukiwa mwema, mtu hukopa aongeze vyumba juu ya vyumba, na hesabu yake yote huwa imejengwa juu ya mwaka uliopita; wageni wakiadimika, benki haiadimiki.

Martial, aliyezaliwa Hispania na kuandika katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alimtajia rafiki yake mambo yanayoyafanya maisha kuwa mema: shamba lenye mazao, moto usiozimika jikoni, kesi isiwepo kabisa, marafiki wa kadiri yako, meza isiyo na madoido, usingizi unaoufupisha usiku, na kutaka kuwa vile ulivyo. Orodha yake inaanza na mali ya kurithi isiyotolewa jasho, jambo lililoniudhi, maana ni rahisi kusifu utulivu wakati umeachiwa mali. Ila hilo la kesi, katika kaunti ambamo mizozo ya mashamba hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana, ningelibandika mlangoni mwa mahakama.

Haya yote si mageni kwetu. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utendi, yapata mwaka wa 1858, alimpa maagizo ya nyumbani yaliyo wazi kabisa, na utendi huo ungali unasomwa. Ndiyo maana nashangaa nikifungua ukurasa wako wa mashairi na kukuta mafumbo, sifa za wanasiasa na malumbano ya wenyewe kwa wenyewe, juma baada ya juma. Vina vimekaa sawa na mizani imetimia, lakini hakuna anayenieleza jinsi ya kutega dema, kuchagua boriti ya mkoko au kuijua siku ya mvua kwa kuutazama mwezi, mambo ya namna ambayo Virgil hakuona haya kuyatungia mashairi yaliyosomwa mbele ya mtawala wa Roma.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba utenge nafasi katika ukurasa huo, walau mara moja kwa mwezi, kwa ajili ya tungo za kazi kutoka kwa mabaharia, wavuvi, wakulima, mafundi na wapishi, na pembeni mwake mtafsiri hodari atuletee kipande cha hao Warumi kwa Kiswahili chenye vina. Wasiojua kuandika wapo wengi wanaojua kutunga, na wajukuu wao wana simu za kurekodia. Nawaomba pia wasimamizi wa ukurasa huo wasiukatae utungo kwa sababu tu umejaa majina ya samaki na vipimo vya kamba.

Mwalimu mstaafu,
Mkomani, Lamu