Wale Wanawake Chini ya Mkorosho

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa Masasi. Tumeanua tanga juzi, wageni wa mwisho wamekwisha kurudi Nachingwea na Mtwara, na sasa nimebaki peke yangu katika nyumba ya bibi yako. Siku ya mazishi uliniuliza jambo ambalo sikuwa na nguvu ya kulijibu: wale wanawake waliokaa chini ya mkorosho, ambao si ndugu zetu, mbona walilia kuliko sisi? Nakujibu leo, kwa sababu wewe ulimjua bibi aliyestaafu, aliyekupikia kisamvu kila likizo, ilhali wao walimjua mkunga.

Mama aliajiriwa serikalini mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 20, na aliitumikia zahanati ya kijiji hadi alipostaafu mwaka 2003. Mara moja kwa mwezi mizani ilining'inizwa kwenye tawi la mwembe, watoto wakavalishwa kile kikaptula cha turubai na kupimwa uzito mmoja baada ya mwingine, huku yeye akiandika kwenye kadi za kliniki kwa mwandiko wa kulala ambao mpaka leo nikiuona popote nitautambua. Hakukubali mtoto aandikwe daftarini kama "mtoto wa fulani". Alimngoja mama mtu ataje jina, hata foleni ikifika barabarani.

Nilikuwa na miaka minane ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Nchi nzima watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi vya Redio Tanzania, wakasoma kijitabu, wakajadiliana kuhusu malaria, kichocho, minyoo na kuhara, kisha wakaamua wenyewe la kufanya: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kufyeka majani kuzunguka nyumba. Siku hizi watu huitaja kampeni ile kama kwamba redio ndiyo iliyochimba vile vyoo. Mimi niliona jinsi kazi ilivyokwenda. Baada ya kipindi kwisha, mama alikwenda nyumba kwa nyumba kwa miguu, mimi nikimbebea daftari, na palipokuwa na mjane au mzee asiye na wa kumchimbia, alirudi kwa viongozi wa kikundi na kukaa nao mpaka wamtaje mtu na siku. Choo chetu kilichimbwa kwanza, tena babu yako alikirudia kukichimba, kwa sababu mama alikipima kwa kamba na kukiona kifupi.

Nisikufiche, mwanangu, kwamba kazi hiyo ilituumiza pia. Usiku mmoja wa mwaka 1975 niliugua malaria kali, nikawa natetemeka chini ya mablanketi mawili, na mlango ukabishwa. Mama alinipa dawa, akanishika paji la uso kwa muda mrefu, kisha akachukua kandili na mkoba wake akatoka. Alirudi jua limekwisha kuchomoza. Kwa muda mrefu sana niliuweka usiku ule moyoni, na nilipokuwa mtu mzima nikamwambia. Hakujitetea wala hakukasirika. Alisema, "Wewe nilikuacha na baba yako. Yule hakuwa na mtu." Sijui kama jibu hilo lingemtosha mtoto wa miaka kumi, lakini mimi lilinitosha, na ndilo nililokuwa nikilifikiria nilipowaona wale wanawake wakiingia uani kwetu na kanga zao, kila mmoja na kibaba chake cha unga au fungu la kuni. Wengine aliwazalisha, wengine aliwapokea wao wenyewe walipozaliwa, na wapo waliopata yote mawili.

Nawe ulipitia mikononi mwake. Nilipokuwa na mimba yako, mwaka 1999, nilikuja kwake miezi ya mwisho. Alikuwa na kile chombo cha mbao, chembamba katikati na kipana mdomoni kama tarumbeta ndogo, ambacho huwekwa tumboni na mkunga akaegesha sikio upande wa pili kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Jioni moja aliegesha sikio lake akatulia kimya, macho amefumba, akihesabu kwa kidole gumba juu ya ubavu wangu. Kwa muda ule sikusikia hata pumzi yake. Kisha akainuka akasema, "Huyu ana haraka," akacheka, na kwa mara ya kwanza nikamwona akifuta machozi kazini.

Chombo hicho nimekikuta katika kasha lake, kimefungwa ndani ya kipande cha kanga, ukingo wake umelainika kwa miaka yote ya kuegeshwa sikio. Sijakigawa pamoja na vitu vingine. Ukija Desemba utakikuta.

Mama yako