Hamisi, nisamehe, nimekuua

Morogoro, Jumapili usiku

Hamisi ndugu yangu,

Salaam nyingi. Huku wazima, Mama anakusalimia na anauliza sufuria yake inarudi lini. Najua nimekaa kimya tangu Ramadhani na udhuru sina, basi hilo tuliache. Nakuandikia kwa sababu nimekuua, nikaona vibaya kukaa nalo peke yangu.

Unaikumbuka ngome yangu ya Dwarf Fortress, ule mchezo wa kompyuta, ile ngome ya kando ya dimbwi? Vibete saba wa mwanzo niliwapa majina ya watu wetu. Wewe mkata miti. Mama Rehema ndiye Mganga Mkuu, nani mwingine? Chande mpika pombe, na kazi kaifanya kwa moyo mmoja kama tunavyomjua. Mwaka wa tatu, miti imeanza kupukutisha majani, wakaja goblini. Ulikuwa nje na shoka lako. Mmoja ukamwangusha, wa pili akakuchana mkono wa kushoto toka begani hadi kiwiko. Ukabebwa, ukalazwa. Wala sikushtuka, kwani hospitali ninayo: vitanda, meza, ile mashine ya kuvutia mifupa, nyuzi, vitambaa, magongo, hata jasi ya kufungia hogo.

Sabuni ndiyo sikuwa nayo.

Usianze. Najua uliniambia. Lakini nawe unajua sabuni ya mule ndani ilivyo na mlolongo: uchome magogo upate majivu, majivu uyageuze kuwa yale maji makali ya kutengenezea sabuni, utafute mafuta ya mnyama au ya mbegu, ndipo karakana ya sabuni ianze kazi. Na magogo yangu yote yalikuwa yanakwenda kwenye makaa ya kufulia silaha. Nikasema usafi utasubiri.

Mama Rehema alichelewa kukupima (alikuwa kilabuni kwa Chande, unashangaa?), na asipopima yeye, mgonjwa haguswi na mtu. Alipofika wakakuosha kwa maji ya dimbwi, yaliyotuama, maana kisima nacho nilikuwa nimekiahirisha. Wakakushona vizuri, wakakufunga kitambaa. Mimi nikarudi kuchimba dhahabu. Kuja kufungua taarifa yako ya afya, kidonda kimeingia wadudu. Umelala chali, unaletewa maji kwa ndoo, kwa sababu kibete akishalazwa pombe haionji. Wewe, maji!

Ulipokata roho nilipiga kelele, Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi: "Nani kafa?" Nikamjibu Hamisi. Kosa kubwa. Ilibidi nimweleze yote tangu goblini, na alipoelewa akaniangalia kwa muda, akasema, "Sasa ngome nzima, hata kipande cha sabuni?"

Ndiyo hiyo inayoniuma. Mchezo wenyewe hauna huruma kwenye vitu vidogo. Unakumbuka kisa cha paka wa 2015, Tarn Adams, muundaji wa mchezo, alipoweka vilabu vya pombe? Paka wakaanza kufa ovyo. Kumbe walikuwa wakikanyaga pombe iliyomwagika sakafuni, wakijilamba miguu, na kila mlambo ukihesabiwa kama kikombe kizima. Mchezo unaokumbuka kilichoganda kwenye unyayo wa paka ungesahau vipi tope la dimbwi kwenye jeraha lako?

Nimekuzika kwenye jeneza la mawe, chumba cha peke yako, na ukutani wamekuchongea picha. Tafadhali usirudi kama mzimu, ninao mmoja tayari.

Sijakwambia, nami naandika mguu ukiwa juu ya stuli. Bodaboda, kona ya sokoni, mvua. Jeraha si kubwa, ila kijana mmoja wa duka la dawa alinifunga bendeji juu ya tope, nami nikamlipa na kumshukuru. Siku ya tatu mguu umevimba, unatoa usaha, homa juu. Nesi alipoifungua alinuna. Akaniosha kwa maji mengi na sabuni, anasugua, nami nimeuma kola ya shati, na usiniulize kwa nini muda wote nilikuwa nauwaza mkono wako. Sasa nameza vidonge, uvimbe unapungua. Mama anasema ni donda ndugu, lakini Mama hata chunusi ni donda ndugu.

Sasa shida yangu. Baada ya mazishi nikatengeneza sabuni tisa. Zimekaa ghalani, hospitali haichukui hata moja! Ni kwa sababu sina kasha mle ndani? Au kuna mahali pa kuweka idadi? Wewe ulifanyaje? Kisima nikichimbe palepale wodini au nje ya mlango? Na ile ngome yako ya mlimani bado hai, au ndiyo yale yale? Unaweza kunitumia faili lake nilichungulie?

Nijibu upesi, maana kuna la Chande. Kang'atwa na yule kiumbe anayegeuka mnyama, na Mama Rehema kamlaza katikati ya wagonjwa wengine watano. Mwezi unakaribia kupevuka. Nimjengee ukuta mlangoni? Na nikimfungia, pombe atapika nani?

Wako,
Juma