Banda zima lilinyamaza: muvi zangu za 2023

Ndugu Mhariri,

Najua nimechelewa kuandika, mwaka 2023 ushapita na gazeti lako lilishatoa ile orodha ya muvi kumi bora siku nyingi tu, lakini huku kwetu Ngamiani muvi nyingine zinafika mwaka ukiwa umeshageuka, unapewa kwenye flashi na mtu aliyepewa na mtu, kwa hiyo na mimi naomba kaupenyo kidogo. Ile orodha yenu zote kumi ni za Wamarekani. Sijui aliyeiandika anaangaliaga wapi muvi, ila kwenye banda hakai huyo.

Mimi kipimo changu ni banda. Jirani yetu ana banda la video, mia tano mlangoni, mabenchi ya mbao, sabufa moja kubwa na feni moja inayompulizia mwenye banda peke yake. Watu wa pale hawana adabu hata kidogo, picha ikiwachosha tu wanaanza kubishana Simba na Yanga. Sasa muvi ikiwanyamazisha wale watu, hiyo ndo muvi.

Oppenheimer, ile ya bomu la atomiki, sina ugomvi nayo. Kopi yenyewe ilikuwa ya wizi, mtu kairekodi na simu ukumbini huko kwao, vichwa vya watu vinapita chini ya skrini, halafu masaa matatu, na kwa muda mrefu ni watu wanaongea tu vyumbani, nyuma kuna jamaa anauliza kila dakika "bomu linapigwa lini?" Basi lilipopigwa, wenye kuiona mnakumbuka, mwanga unatangulia, moto unapanda kimya kimya, mlio hakuna kabisa, mwenye banda akajua sabufa imekata, kainuka kwenda kuchezea waya, mkono uko nyuma ya spika ndo mshindo unaingia. Aliruka akamwagia mtu kahawa. Barbie nilisinzia, siwezi kusema ni mbaya.

Kilichoniuma ni kutoona picha la Kihindi hata moja, na mwaka wenyewe ulikuwa wa Shah Rukh! Mtu toka Zero ya Desemba 2018 hajashika ustelingi, watu wakasema kazeeka huyo basi tena, akarudi Januari na Pathaan, Septemba Jawan, Desemba Dunki. Pathaan ni ngumi na madaraja ya kulipuka, unaangalia unasahau. Jawan ndo yenyewe, anacheza baba na anacheza mtoto, na mama yangu ambaye analilia picha za Kihindi toka enzi za Amitabh Bachchan alipiga kigelegele yule baba mtu alipotokea. Ila chini ya mangumi yote yale kuna wakulima wanaojiua kwa madeni na hospitali isiyo na oksijeni, yaani unashangilia huku unameza kitu kichungu.

Dunki nilikaa mkao wa kula maana inahusu kuzamia, Wapunjabi wanaitafuta London kwa njia za panya, na sisi watu wa bandarini kuzamia tunakujua, kuna kijana wa mtaani kwetu alijificha kwenye meli akijua inaenda Durban na mpaka leo honi ya meli ikilia mama yake anatoka barazani. Lakini Dunki mzaha mwingi mno, machozi yakitaka kutoka mtu anatupia kichekesho. Nampenda Shah Rukh ila hapana.

Iliyonipa nilichokuwa nakitafuta ni ya Mwitaliano Matteo Garrone, Io Capitano. Seydou na Moussa, binamu wawili wa Dakar, wanatoroka bila kuwaaga mama zao, jangwa, Libya, mateso, mwisho Seydou wa miaka 16 ambaye hajawahi kuendesha hata mtumbwi anakabidhiwa usukani wa chombo kimejaa watu, kipeleke Italia. Wanaongea Kiwolofu, hakuna aliyeelewa neno. Kuna mwanamke anaanguka jangwani, kundi halisubiri, Seydou anarudi kumwinua na wapi, halafu anamwona anaelea hewani kamshika mkono kama mtoto na tiara lake. Hakuna aliyeitaja Yanga.

Namba moja yangu lakini ni 12th Fail ya Mhindi Vidhu Vinod Chopra. Haina bunduki haina helikopta. Kijana wa Chambal anaitwa Manoj, anafeli darasa la 12, yaani kama kidato cha sita kwetu, kwa sababu mwaka ule afande mmoja kaja kukomesha wizi wa mtihani shuleni kwao na walimu ndo waliokuwa wanawapa majibu. Anaenda Delhi anataka kuwa afisa wa polisi, pesa hana, analala humohumo kwenye mashine ya kusaga anayofanyia kazi, nyusi nyeupe kwa unga, usiku anasoma. Na ni stori ya mtu wa kweli.

Siku tuliyoionyesha alikuwepo mzee wa mashine ya sokoni, tunamwita Babu Unga, kaja na unga wake kwenye nyusi kama kawaida. Mashine ya kwenye picha ilipoanza kunguruma akasema kwa sauti, "Sikilizeni huo mkanda, umelegea." Watu walicheka, ila baada ya hapo hakusema tena. Tafsiri haikuwepo, kijana mmoja wa kidato cha tatu ndo alikuwa anatusomea maandishi ya chini, anasoma Kiingereza anatupa Kiswahili.

Tukafika kwenye usaili wa mwisho, wakubwa wamekaa, wanamuuliza Manoj ilikuwaje akafeli darasa la 12, kijana wetu anavuta pumzi atusomee jibu, umeme ukakata. Ilikuwa kipindi kile cha mgao. Mwenye banda akasema wanaotaka mia tano zao waje kesho. Hakuna aliyeinuka. Joto, mbu, giza, Babu Unga akaanza kumhoji yule mwanafunzi, unasoma wapi, hesabu unapata ngapi, na wewe unaibia? Kijana akasema siku nyingine naibia. Umeme ulirudi saa tano kasoro na mabenchi yalikuwa yamejaa vilevile.

Mpenda muvi,
Ngamiani, Tanga