Sare ni sare, hata kwa mwenye bresi?

Ndugu Mhariri,

Binti yangu wa miaka 13 ana skoliosisi. Uti wa mgongo umepinda ubavuni. Ameambiwa avae bresi, kifaa cha plastiki ngumu kinachobana kiwiliwili ili mgongo usizidi kupinda, saa 18 kwa siku. Kwa joto hili la Dar! Jasho linamchubua kiunoni, sketi haifungi, na wenzake humgongagonga mgongoni wasikie mlio. Naye anaivua nikigeuka tu.

Simlaumu, ila naogopa. Utafiti wa Marekani na Kanada wa 2013 ulionyesha kuwa waliovaa takribani saa 13 au zaidi kwa siku, zaidi ya 9 kati ya 10 walimaliza kukua bila mgongo kupinda kufikia nyuzi 50, kiwango cha kuzungumzia upasuaji.

Nimeomba shuleni aruhusiwe sketi ya lastiki. Mara mbili nimejibiwa: sare ni sare.

Mzazi,
Dar es Salaam