Salamu za Krismasi kwa mnaorudi kwenye nyumba za kizamani

Ndugu zangu wa karibu na wa mbali, heri ya Krismasi. Salamu hizi ziwafikie mlioko njiani, mlio zamu kazini hadi usiku wa mkesha, na ninyi ambao mwaka huu nauli imegoma au likizo imenyimwa. Ziwafikie na wazee wetu, ambao wiki hizi kila gari likikata kona huchungulia barabarani.

Kwetu Kilimanjaro Desemba inajulikana. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na bado watu wanapanda kwa wingi, wengine kwa mabasi, wengine kwa magari yao wakiongozana na mashemeji, wengine kwa treni tangu ile ya abiria iliporejea Moshi Desemba 2019. Kuna harusi, ubatizo, vikao vya ukoo, mbuzi wa kuchinjwa. Na kwenye buti za magari, miaka hii, kuna maboksi ya mapambo: mti wa plastiki uliokunjwa, taa za kumetameta, nyota za kung'aa, hata kapeti jipya la kufunika sakafu ya mama. Mapenzi yaliyomo ndani ya maboksi hayo nayaona na nayaheshimu. Ila leo naomba niitetee nyumba mnayoipelekea.

Nyingi ya nyumba hizo zilijengwa kwa fedha ya kahawa. Chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilianza 1933, na kwa miongo mingi babu na bibi zetu walichuma, wakakoboa, wakaosha, wakaanika, wakapeleka kwenye chama cha msingi, kisha malipo yakageuka bati, saruji na mbao. Ukiingia unaijua mara moja: baraza yenye nguzo, madirisha ya mbao, sakafu ya saruji nyekundu, dari iliyokolea rangi kwa miaka ya moshi wa chemli. Sebuleni kuna makochi ya mbao, kabati la vioo lenye vikombe ambavyo hutolewa akija mchungaji, redio kubwa iliyovikwa kitambaa, na picha za ndoa nyeusi na nyeupe zilizotundikwa juu kabisa, zimeinamishwa mbele kidogo ili aliyekaa azione vizuri.

Sebule ya namna hiyo imeshapambwa tayari. Waliipamba watu waliokuwa na kidogo wakachagua vizuri. Kazi yetu ya Krismasi ni kuisafisha, kuifungulia madirisha, na kuiongezea kijani. Kazi ipo, tena ya mikono.

Anzeni na vitambaa. Kila nyumba ya aina hii ina sanduku lenye vitambaa vya kufuma na vya kudarizi, vingine vimeandikwa "Karibu Mgeni" kwa uzi wa rangi, na ndege wawili pembeni. Vilifumwa jioni, baada ya shamba, na mama na mashangazi waliokuwa bado wasichana. Vikikaa sandukuni muda mrefu vinageuka manjano. Viloweke usiku kucha kwenye maji baridi na sabuni, asubuhi uvisuuze na kuvibonyeza taratibu kwa viganja; usivikamue kwa kuvipinda, maana uzi wa zamani hukatika. Halafu tengeneza wanga. Chukua kijiko cha unga laini wa muhogo, koroga kwanza na maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha mimina maji yanayochemka huku mkono hauachi kukoroga, hadi uji ule mweupe uanze kung'aa. Ongeza maji uwe mwepesi, uchuje, chovya kitambaa, kitandaze juu ya taulo, na uvute kila ncha ya ua kwa vidole mpaka mchoro wake utokee. Piga pasi upande wa nyuma kikiwa bado na unyevu kidogo. Kitambaa cheupe kilichokakamaa vizuri juu ya mbao nyeusi ya kochi: mimi sijaona pambo la dukani linalokifikia.

Sakafu nayo msiifunike. Pigeni deki, iacheni ikauke, pakeni nta nyekundu kidogo kwa kitambaa, kisha watoto wakae juu ya blanketi kuukuu na wakubwa wawaburute chumba kizima. Itang'aa. Na wale watoto wa mjini watakuwa wameipenda nyumba ya bibi kabla hata ya kula.

Kwa kijani, tawi la saipresi linatosha. Likatwe kwenye ua wa nyumba, lisimamishwe ndani ya debe lenye mchanga na mawe, litiwe maji kila asubuhi. Mkilikata mapema mno litakauka kabla ya Mwaka Mpya. Tarehe 23 au 24 ndiyo siku yake. Nyota kateni kwenye magome makavu ya mgomba, yana rangi ya kahawia hadi dhahabu na mistari yake ya asili, na mkasi wa kawaida unayamudu. Nyumba za Kibosho na Rombo, ambako Wakatoliki ni wengi, magome hayohayo yanawafaa kwa kuezekea pango la Mtoto Yesu. Desturi ya pango ni ya tangu Mtakatifu Fransisko alipoliandaa pale Greccio, Italia, mwaka 1223, na hadi leo halihitaji zaidi ya majani, udongo na mikono ya watoto.

Zamani tuliweka pia pamba kwenye matawi kuwa theluji. Wapo wanaoicheka desturi hiyo, kwamba ni ya Ulaya. Mimi naipenda, kwa sababu sisi, ukitoka barazani alfajiri kabla mawingu hayajapanda, theluji yenyewe unaiona juu ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895. Barafu ile imepungua sana tangu enzi za babu zetu. Wekeni pamba kidogo, na mtoto akiuliza ni nini, mshikeni mkono mtoke naye nje mumwonyeshe.

Sisi Walutheri tuna pia shada la Majilio, yaani majuma manne ya kuingoja Krismasi. Injili ilitufikia kwa mikono ya Wajerumani wa misheni ya Leipzig, walioanza kazi Machame mwaka 1893, na shada hilo asili yake ni hukohuko kwao. Mchungaji Johann Hinrich Wichern wa Hamburg, mwaka 1839, alichukua gurudumu la mkokoteni, akalipachika mishumaa midogo ya siku za kawaida na mikubwa minne ya Jumapili, ili watoto maskini aliowalea wahesabu wenyewe siku zilizobaki kufika Krismasi. Nalitaja kwa sababu pambo hilo lilianza kwenye nyumba isiyo na fedha, likatengenezwa kwa kitu kilichokuwepo. Sisi tuna ungo. Zungusheni matawi ya saipresi juu ya ungo, pachikeni mishumaa minne kwenye vikopo vyenye mchanga, na kaeni nayo karibu ikiwaka. Saipresi ikikauka inashika moto haraka.

Maua mekundu ya poinsetia yanayokua kando ya nyumba nyingi za mlimani yanakuwa tayari msimu huuhuu. Watu huyakata wakayalaumu kuwa yananyauka kabla ya chakula cha mchana. Tatizo ni utomvu ule mweupe. Ukishakata shina, choma ncha yake kwenye moto kwa muda mfupi ndipo uliweke majini, nayo yatakaa siku kadhaa. Utomvu usiguse macho, na nawa mikono kabla ya kumbeba mtoto.

Sasa nije kwenye jani ambalo kwangu linazidi mengine yote: sale. Wachaga wenzangu mnalijua. Kwa wengine niseme ni mmea wa majani marefu ya kijani, uliopandwa kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo yanayozunguka nyumba, na kwenye makaburi ya wazee wetu. Aliyemkosea mwenzake hupeleka jani la sale kuomba msamaha, na anayeletewa hatakiwi kuligeuzia mgongo. Baadhi huliona kuwa ni jambo la kimila lisiloingia kwenye sikukuu ya Kanisa. Sikubaliani nao. Sikukuu hii tunaimba amani duniani, na sale ndiyo amani kama wazee wetu walivyoijua kabla misheni haijafika. Wekeni majani machache kwenye chupa ya maji mlango wa mbele, yaone kila anayeingia.

Na kama kuna ndugu hamjasemezana tangu msiba ule, au tangu kikao kile cha shamba, basi kabla ya kutundika chochote mpelekeeni sale. Msingoje kikao cha ukoo cha tarehe 27, mbele ya watu. Nendeni mapema, asubuhi, mtu mmoja au wawili. Sebule iliyopambwa huku kiti cha kaka mkubwa kikiwa kitupu kwa sababu ya ugomvi inaumiza zaidi kuliko sebule isiyo na kitu.

Kuna jambo moja dogo la zamani ningependa lirudi: kadi. Zilikuwa zinafika posta, zinatungwa kwenye uzi kutoka pembe moja ya sebule hadi nyingine, na mgeni akisubiri chai anazisoma. Wengi wa wazee wetu wanazo bado, zimefungwa kwa mpira ndani ya kabati. Waombeni ruhusa mzitundike tena. Mtakutana na mwandiko wa watu ambao hawapo, na mama ataanza kusimulia bila kuulizwa.

Kuhusu taa nasema kwa kifupi: waya za nyumba hizi zimechoka. Msichomeke taa nne kwenye soketi moja. Safisheni kioo cha chemli kwa gazeti na majivu laini, muiwashe barazani jioni.

Na kila kitu, tafadhali, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Mwulizeni mama kabla ya kuhamisha kochi, kabla ya kugongomelea msumari kwenye mbao zile, kabla ya kubandika gundi kwenye chokaa. Nimeona nyumba iliyopendezeshwa kwa siku moja na watoto wenye nia njema, na bibi akakaa jikoni sikukuu nzima kwa sababu sebuleni hakujua tena akae wapi.

Kwa mliofiwa mwaka huu, najua nyumba mnayorudi ina picha mpya ukutani. Wekeni tawi moja la kijani juu yake, mkae chini yake bila haraka, na msijilazimishe kucheka. Krismasi ni yenu pia. Na ninyi mnaobaki Dar, Nairobi, Muscat au Minnesota, mpigieni mama simu ya video asubuhi, mwambieni azunguke nayo sebule nzima, kuta zote, taratibu.

Mkifika Marangu, piteni kwetu tarehe 26 mchana. Machalari, ndizi zetu za kupikwa na nyama, yatakuwa jikoni tangu asubuhi, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ipo kwa wanaotumia. Bwana awafikishe salama. Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya.